Barua ya Nne Kuhusu Bikoni

Mheshimiwa Mkurugenzi, salamu.
Barua ya kwanza mliigonga mhuri: IMEPOKELEWA.
Ya pili mkaniambia faili liko kwa mpimaji,
mpimaji yuko Nala, na Nala hapatikani.
Ya tatu ilifungiwa karanga.
Nilizinunua langoni penu,
nikasoma mwandiko wangu huku natafuna.

Hii ya nne naiandika taratibu.

Kiwanja namba arobaini na moja, Nkuhungu.
Mume wangu, marehemu Chidosa, alikuwa mshika mnyororo
mji huu ulipokuwa penseli na vumbi.
Bikoni ya kona ya kaskazini aliichimbia mwenyewe:
zege, bomba la chuma, namba iliyokwaruzwa kwa msumari.
Jioni akipita pale aliigusa kwa kidole cha mguu
kama mtu anayehakikisha mtoto amelala.

Leo imelala chini ya ngazi za Malogo.
Ngazi za marumaru. Ghorofa tatu
juu ya njia ya mita sita, ambayo ramani yenu bado inaionyesha,
kwa rangi ya njano, chumba namba tisa,
nyuma ya kalenda ya benki.

Mlikuja, sikatai. Gari jeupe, vijana wanne, kopo moja.
Mkachora X nyekundu ukutani kwake, na BOMOA, na tarehe.
Siku ile nilikula mlenda nikalamba sahani.
Jumapili Malogo akapaka rangi ya maziwa juu yake.
Mkarudi, mkachora. Akapaka.
Fundi wake, Lemanya, akaniambia: Mama Nyemo,
wazidi kuchora tu, mie nina ada za shule.

Mara ya tatu kopo halikufika kwa Malogo.
Liliishia kwangu. Banda la kuku,
mabati matano na fito:
HAKUNA KIBALI. SIKU SABA.
Kuku hawajui kusoma, mheshimiwa,
lakini asubuhi ile jogoo hakuwika.

Nilibomoa siku ya sita. Mimi natii.

Kijana wenu wa mipango miji, mpole, kalamu mbili mfukoni,
akanieleza: Malogo amelipa faini, ana risiti.
Kumbe faini ni kibali kilichochelewa.
Kumbe ukikosea kwa zege unarasimishwa,
ukikosea kwa mabati unahesabiwa siku.
Nami kodi ya ardhi nalipia mita mia sita,
ninazozikanyaga ni mia tano na ushee.
Nikamuuliza, hizo nyingine naweza kwenda kuzisalimia?
Akacheka. Kisha akaacha kucheka,
akaitazama kalenda.

Sasa sikia kilichonirudisha kwenye kalamu.
Usiku wa mvua ile ya Januari
maji yalishuka kutoka mlimani
yamebeba mchanga, ndala, na mlango wa mtu.
Hayakuuliza kwa mtendaji. Yalishika njia ya mita sita
kana kwamba yametoka chumba namba tisa,
yakagonga ngazi za Malogo, yakakataliwa,
yakageuka, yakaja kulala kwangu.

Kulipokucha yeye yuko kwenye marumaru, mimi matopeni.
Pole hakutoa. Alisema serikali ituchimbie mtaro.
Na nyuma yake mvua ilikuwa imefua maziwa yote:
X ya kwanza, X ya pili, na ile BOMOA,
zimechuruzika nyekundu hadi kwenye ngazi.

Mheshimiwa, siombi abomolewe.
Ana watoto; yule mdogo huja kwangu
kula ugali wa mtama, anasema kwao hauna ladha.
Naomba mtu mmoja, sululu moja, nusu saa.
Ainue lile jiwe la ngazi ya chini,
nione kama namba bado ipo,
saba yake imepinda kidogo,
Chidosa alikuwa anaandika kwa mkono wa kushoto.

Nakala ya barua hii nimebaki nayo.
Karanga nitanunua Ijumaa.